Komwe Moja Iliyosalia

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hufundishwa shuleni kama wasia wa subira na akiba, na mara nyingi mafunzo yake hukomea hapo. Ni nadra mtu kuuliza: haba ngapi? Na je, haba hizo zikiongezeka maradufu kila zinapotiwa, kibaba hujaa mara ya ngapi, na baada ya kujaa hufuata nini? Katika nyumba moja ya mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, maswali haya yaliulizwa na kujibiwa kwa siku mbili za mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2008, ulioandama Septemba. Wahusika walikuwa watatu: mzee mmoja mchezaji wa bao, mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la sita, na mjomba wa msichana huyo, mwalimu wa hisabati katika shule ya upili huko bara. Kilichowakutanisha hakikuwa mchezo. Ilikuwa karatasi ya mtihani.

Mwishoni mwa muhula wa pili msichana alikuwa amepata alama 19 kwa 100 katika hisabati. Chini ya alama hizo paliandikwa, kwa Kiingereza na kwa wino mwekundu, kwamba mtoto huyu hana akili ya hesabu na kwamba ingefaa akariri darasa mwaka ufuatao. Mama yake, aliyekuwa akipika mahamri na viazi vya karai vya kuuza, aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaikunja karatasi na kuitia chini ya godoro. Siku chache baadaye akaanza kuzungumzia cherehani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake: mwaka wa ziada ni gharama ya mwaka mzima, na ufundi wa kushona haujali mtoto amepata alama ngapi. Kabla ya kukata shauri, alimpigia simu kaka yake.

Babu yake msichana ndiye pekee aliyekataa kuyaamini maandishi yale mekundu, na alikuwa na sababu. Wenzake wa bao walikuwa wamepungua barazani. Baadhi walikuwa wametangulia mbele ya haki, wengine walikuwa wamehamia Kisauni na Likoni kwa watoto wao. Kwa kukosa mshindani, alimfundisha mjukuu wake. Anayelijua bao la Kiswahili anafahamu kwamba si mchezo wa kubahatisha. Lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na komwe zake ni 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili na komwe 32. Wakati wa kuanza namua huweka sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizosalia hukaa mkononi. Tangu hapo, kila hatua humtaka mchezaji aone kwa akili, bila kugusa, komwe ya mwisho itaangukia shimo gani, itakula nini, na safari itaendelea hadi wapi. Msichana huyu aliyaona hayo yote akiwa amekunja mikono. Alimshinda babu yake mara moja kwa kila michezo mitatu, na babu hakuwa mtu wa kumwachia mtoto.

Yafaa hapa ikumbukwe utaratibu wa lugha katika shule za msingi za Kenya. Kwa madarasa matatu ya mwanzo, mtoto alitakiwa afundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo lake. Kisiwani Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili. Kuanzia darasa la nne, masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe yaliingia katika Kiingereza. Mjomba alipozitazama ripoti za zamani za mpwa wake, aliliona jambo hilo waziwazi kama ufa ukutani: hadi darasa la tatu alama zake zilikuwa za kuridhisha, kuanzia la nne zilishuka, na hazikupanda tena.

Mjomba aliwasili Ijumaa jioni. Basi lilivuka Makupa jua likielekea kuchwa, naye akafika Kibokoni wakati adhana ya magharibi inaadhiniwa. Baada ya futari na tarawehe, walikaa barazani. Mabirika ya kahawa yalikuwa yakipita mtaani na watoto walikuwa bado wanacheza njiani, kama ilivyo ada ya Mji wa Kale katika mwezi huo. Mjomba aliitandaza karatasi pajani. Swali moja lilikuwa limeachwa tupu kabisa. Lilihusu mfanyabiashara ambaye mali yake huongezeka maradufu kila mwaka. Hakuliuliza tena kwa Kiingereza. Alianza kisa.

Alisimulia kisa cha mfalme wa Bara Hindi na mtu aliyembunia mchezo wa sataranji, kisa ambacho Ibn Khallikan alikiandika katika karne ya 13 na ambacho kilikuwa cha kale hata wakati huo. Mfalme alifurahi, akamwambia mtu yule achague zawadi. Yule mtu akaomba nafaka: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya sataranji, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, nane kwa ya nne, na vivyo hivyo hadi nyumba ya 64. Mfalme alicheka, akaona ameombwa kitu duni.

"Nasi hatuna sataranji," alisema mjomba.

"Tuna bao," alijibu babu. "Sataranji ni mabao mawili. Ndoo hapa, mwanangu, ulijaze."

Msichana alizimwaga komwe zote 64 mkekani akaanza kutia. Shimo la kwanza, moja. La pili, mbili. La tatu, nne. La nne, nane. La tano, kumi na sita. La sita, thelathini na mbili. Alipomaliza shimo la sita, alifungua kiganja akakitazama.

"Mjomba, zimekwisha. Imesalia moja."

"Shimo la saba lataka ngapi?"

"Sitini na nne. Komwe zote za bao."

"Na ulizokwisha kutia ni ngapi?"

"Sitini na tatu."

Mjomba alikuwa anataka kuendelea na kisa, lakini msichana hakuwa akisikiliza. Aliyamwaga mashimo yote akaanza upya. Alitia mashimo mawili tu: komwe tatu, na shimo linalofuata lataka nne. Akatia matatu: komwe saba, na linalofuata lataka nane. Akatia manne: kumi na tano, na linalofuata lataka kumi na sita. Kila mara ilipungua moja. Kisha aliichukua ile komwe iliyosalia akaiweka juu ya komwe ya shimo la kwanza. Sasa shimo la kwanza lilikuwa na mbili, sawa na la pili. Akazikusanya zikawa nne, sawa na la tatu. Akazikusanya zikawa nane, sawa na la nne. Na hivyo hivyo, shimo baada ya shimo, mpaka lundo likawa kamili.

"Ni hii tu inayokosekana," alisema. "Ukiwa nayo, zote huinuka."

Kwa mwalimu wa hisabati, alichokifanya mtoto huyu kwa mikono kilikuwa uthibitisho kamili. Jumla ya mashimo yote yaliyotangulia huwa daima pungufu kwa moja tu kuliko shimo linalofuata. Kwa hiyo haihitajiki kuzijumlisha punje za nyumba 64 moja moja. Yatosha kujua nyumba ya 65 ingekuwa na ngapi, kisha kutoa moja. Na nyumba hiyo ya 65 hupatikana kwa njia ya mkato ambayo Al-Biruni aliitumia karibu na mwaka 1000 alipolikokotoa swali hilo hilo: chukua mbili uizidishe kwa yenyewe, upate 4, nne kwa yenyewe, 16, kumi na sita kwa yenyewe, 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita, 18,446,744,073,709,551,616. Ukitoa moja, zawadi ya mfalme ni punje 18,446,744,073,709,551,615.

Hapo ndipo methali ya kibaba iliporudi. Ikiwa punje 40 za mchele zina uzito wa gramu moja, na kibaba ni karibu gramu 700, basi safu ya kwanza ya bao, yenye mashimo manane, ina punje 255 tu, ambazo hata kiganja hazikijazi. Shimo la 14 likikamilika, kibaba kimepita nusu kidogo. La 15 likikamilika, kimefurika. Pishi, ambayo ni vibaba vinne, hujaa kwenye shimo la 17, na gunia la kilo 90 hujaa kwenye la 22. Bao zima la mashimo 32 likimalizika, kuna tani 107 za mchele, karibu magunia 1,200. Huo ni mzigo mkubwa, lakini ni mzigo unaofahamika. Malori machache huupakia Kilindini kwa siku moja. La kustaajabisha ni bao la pili. Kila shimo lake lina mara 4,294,967,296 ya shimo lililo mahali pake katika bao la kwanza, na mwisho wake ni tani bilioni 461. Mwaka 2023 bandari ya Mombasa ilishughulikia takriban tani milioni 36 za shehena za kila aina. Kwa kasi hiyo, bandari hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 12,000 kupitisha zawadi ya mtu mmoja. Naye ambaye angezihesabu punje hizo kwa kasi ya moja kila sekunde angemaliza baada ya miaka bilioni 584, ilhali ulimwengu wote unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8.

Mjomba aliiandika nambari hiyo nyuma ya karatasi ya mtihani. Babu aliitazama kwa muda.

"Isome," alisema.

Mjomba aliisoma, kwa Kiingereza, upesi na bila kukosea.

"Nimesikia sauti. Sijasikia hesabu. Isome tuisikie."

Mjomba alianza kwa Kiswahili akakwama mwanzoni kabisa. Alikuwa na shahada, alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka kadhaa, na hakuwa ametamka nambari kubwa kuliko milioni kwa lugha ya mama yake tangu alipotoka darasa la tatu. Kimya chake kilikuwa kirefu kiasi cha msichana kuinua uso. Huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona mtu mzima aliyesoma akikabwa na jambo lile lile lililomkaba yeye, ila kwa upande wa pili.

Babu hakumcheka mwanawe. Alisema kwamba maneno ya hesabu ya Mvita ni kama majahazi ya Bandari ya Kale: kila moja limetoka kwake, na yote yametia nanga hapa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya nyumbani, maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu, na yalipoingia yaliwakuta wenyeji tandatu, fungate na kenda. Wenyeji hao hawakufukuzwa kabisa. Fungate imebaki katika siku saba za maarusi, na kenda imebaki katika jina la Mijikenda. Wamombasa wenyewe hujiita Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, nao hugawika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa, hao wa mwisho wakiwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Hivyo hata hesabu ya kujumlisha tisa na tatu imo katika nasaba ya mji. Mia na elfu ni ya Kiarabu. Laki imetoka Bara Hindi. Milioni imetoka Ulaya. "Haya yatosha," alisema babu. "Milioni ni elfu mara elfu. Ukiwa na milioni, huna haja ya kuazima tena."

Ndipo mjomba alipofahamu. Aliikata nambari kwa tarakimu sita sita kuanzia mwisho: 18, kisha 446,744, kisha 073,709, kisha 551,615. Msichana akaisoma: milioni za milioni za milioni kumi na nane, milioni za milioni laki nne, elfu arubaini na sita, mia saba arubaini na nne, milioni elfu sabini na tatu, mia saba na tisa, kisha laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano. Aliisoma mara ya pili bila kuitazama karatasi. Maneno ya Kibantu, ya Kiarabu, ya Kihindi na ya Kizungu yalipita kinywani mwa mtoto mmoja wa Kibokoni kama kwamba hayajawahi kutengana.

Usiku wa pili ulifunguliwa na babu. Alikuwa ameamka na wazo kuhusu ushairi, kwani Mvita ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, na wazee wengi wa rika lake walikua wakiyasikia mashairi kabla ya kujua kusoma. Shairi la bahari iliyozoeleka lina vipande viwili katika kila mshororo, na kila kipande kina mizani nane. Mshororo mmoja, basi, una mizani 16. Mishororo miwili ina 32. Ubeti wa mishororo minne una 64. Ubeti wa utenzi, wenye mishororo minne ya mizani nane, una 32. Kwa maneno mengine, kipande ni safu ya bao, mshororo ni upande wa mchezaji mmoja, ubeti wa utenzi ni bao zima, na ubeti wa shairi ni mabao mawili. Isidhaniwe kwamba malenga waliyahesabu mashimo ya bao walipokuwa wakitunga. Hata hivyo, mkono na ulimi wa watu wa pwani vimezoea kugawa kwa nusu, na nusu kwa nusu, na mazoea hayo yanaonekana kote kuwili.

Mjomba aliongeza jambo moja. Tuseme malenga ana silabi mbili tu za kuchagua. Kwa mizani moja ana namna mbili za kutunga. Kwa mizani mbili, nne. Kwa tatu, nane. Kwa ubeti mzima wa mizani 64, ana namna 18,446,744,073,709,551,616, yaani punje zote za mfalme pamoja na ile moja inayokosekana. Na Kiswahili kina silabi nyingi mno kuliko mbili. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya beti hizo haingekuwa na maana, na kwamba vina huupunguza uwanja wa uchaguzi. Lakini wale wanaodai kuwa arudhi imewafunga washairi na kwamba yote yanayoweza kusemwa ndani yake yamekwisha kusemwa wangefanya vyema kuitazama nambari hii kabla ya kuendelea na madai yao.

Kisha alirudi kwenye bao, kwa sababu mgawanyo ule wa 8, 16, 32 na 64 ndio unaoifungua nambari yenyewe. Alimwambia msichana azipange komwe 64 ziwe mraba, safu nane za komwe nane, kisha aondoe moja pembeni. Safu ile ikabaki na saba. Akamwambia azigawe hizo saba, moja kwa kila safu nzima. Safu nzima zilikuwa saba. Kila moja ikawa na tisa. Sitini na tatu ni saba mara tisa: moja chini ya nane, moja juu ya nane. Mraba wowote ukiondolewa moja huvunjika namna hiyo. Basi 15 ni 3 mara 5. Safu ya bao, 255, ni 15 mara 17. Upande wa mchezaji, 65,535, ni 255 mara 257. Bao zima, 4,294,967,295, ni 65,535 mara 65,537. Na mabao mawili ni bao zima mara 4,294,967,297. Kila bao linapokua maradufu, huongeza kigawo kimoja na kuvihifadhi vyote vya nyuma.

Katika shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, watoto huyajua maneno yanayohitajika hapa: kigawo, shufwa, witiri, tasa. Msichana aliyajua mawili bila kufundishwa na mwalimu yeyote wa hesabu. Shufwa na witiri alizisikia kila usiku wa mwezi ule baada ya tarawehe: rakaa mbili, kisha moja peke yake. Nambari ya mfalme ni witiri, alisema, kwa kuwa imepungukiwa na moja. Neno tasa ndilo lililomtatiza. Mjomba alieleza kuwa nambari tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Vigawo 3, 5, 17, 257 na 65,537 vyote ni tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliviona, akaamini kwamba kila nambari inayopatikana kwa njia hiyo lazima iwe tasa, pamoja na ya sita, 4,294,967,297. Alikuwa mmoja wa wanahisabati wakuu wa zama zake, na kauli yake ilisimama kwa miaka 92.

"Hakuna aliyejaribu kuigawanya?" aliuliza msichana.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika. Baadaye alithibitisha pia kwamba kigawo chochote cha nambari ile, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe moja. Nambari tasa za namna hiyo si nyingi. Ya kwanza ni 193, kisha 257, kisha 449, kisha 577. Zote hizo hushindwa. Ya tano ni 641, ambayo ni komwe za mabao kumi na komwe moja juu yake.

Mjomba hakusema jibu. Msichana aliuchukua upande wa nyuma wa karatasi ya mtihani, chini ya nambari ya mfalme, akaanza kuigawanya 4,294,967,297 kwa 641, tarakimu baada ya tarakimu. Alikosea mara moja, akafuta, akaendelea. Babu alisinzia. Mama yake alitoka kuandaa daku akamkuta bado ameinama, akasimama nyuma yake na sufuria mkononi. Jibu lilipatikana: 6,700,417, na hapakuwa na baki. Nambari iliyohukumiwa kuwa tasa haikuwa tasa. Mama yake aliigeuza karatasi, akayaona maandishi mekundu, akaigeuza tena, akayaona mahesabu yaliyojaa ukurasa. Hakusema neno. Aliirudisha mkekani huku upande wa mahesabu ukiwa juu.

Asubuhi mjomba alitoa shauri lake: mtoto asikariri darasa. Akili ya hesabu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni maneno, na maneno hufundishika. Kabla ya kurudi bara aliandika orodha, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kuanzia kujumlisha hadi kigawo na kipeo. Maneno sita ya Kiswahili ilimlazimu ampigie simu mwenzake wa Tanga amwulize. Cherehani haikununuliwa mwaka ule.

Hapana budi kusema kweli: msichana hakuwa wa kwanza darasani. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alipata alama 47 kwa 100, nazo zilitosha kumpeleka darasa la saba pamoja na wenzake. Swali la mfanyabiashara halikutokea tena. Alama 47 si ushindi wa kupigiwa ngoma. Lakini kati ya 19 na 47 hakuwa ameongezewa akili yoyote. Alikuwa ameongezewa orodha ya maneno na mtu mmoja wa kumsikiliza. Ni watoto wangapi wa pwani na wa bara wanaohesabiwa kuwa tasa kwa sababu hakuna aliyejaribu kuwagawanya kwa lugha yao? Hiyo nayo ni nambari, na wanaosomea Kiswahili hawana ruhusa ya kuwaachia wengine kazi ya kuitafuta.

Siku ya mtihani ule msichana alikuwa na komwe moja ndani ya kikebe cha kalamu, aliyoichukua bila kuomba ruhusa. Babu aligundua jioni yake, alipozihesabu komwe kabla ya kucheza na kuziona 63. Hakuuliza. Aling'oa kifungo cha kanzu kuukuu akakitia mahali pake, na mchezo ukaendelea.